Ukurasa Tuliomwandikia Baba

Sisi tuliokua Bagamoyo wakati mtaa mzima una kompyuta tatu, na zote ziko kwenye chumba cha intaneti cha binamu yangu Sefu, tulikuwa na mambo yetu. Mlangoni pazia la maua, ndani feni inapiga kelele, na harufu ya vitumbua vya mama yake inaingia kutoka uani. Kibodi zilijaa mafuta mpaka herufi zimefutika.

Sefu alikuwa na sidii aliyopewa na rafiki yake wa Dar, ina programu ya kutengenezea kurasa za intaneti. Ya bure. Aliyeitengeneza ni bwana mmoja huko Ulaya, wala si kampuni. Kaandika mwenyewe humo ndani kwamba anaifanya jioni akitoka kazini, kwa kupenda tu. Mama yangu hakuamini. "Mtu humjui, hakujui, akupe kitu bure? Mwangalieni vizuri huyo." Lakini ilikuwa tamu jamani. Unaandika, unachagua rangi, unabonyeza, ukurasa unafunguka kwenye dirisha lile lile la intaneti, kama za watu wakubwa.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa baharia, mwaka wa pili hatujamwona, na simu zake zinakuja kwa nadra na kukatika. Sefu akasema siku hizi melini kuna intaneti, tumwandikie baba ukurasa. Tukauandika siku tatu, nikitoka madrasa. Nyuma manjano, maandishi mekundu, mawaridi yanamemeteka pembeni, ukitazama macho yanauma. Nikaanza kama nilivyofundishwa: shikamoo baba, sisi hatujambo, bibi anakusalimu, jirani anakusalimu, mbuzi kazaa. Salamu zikala nusu ukurasa. Chini kabisa ndiyo nikaweka langu: Baba, unarudi lini? Sefu akabonyeza kuhifadhi, akasema, "Tayari. Sasa dunia nzima inausoma." Nikaona aibu kwa ajili ya mbuzi.

Kila siku nikawa nakwenda kuufungua. Jibu hakuna. Mwaka ukapita, chumba kikafungwa, baba akarudi na masanduku ya zawadi. Nikambusu mkono, shikamoo, basi. Kwetu mtoto hamhoji baba yake. Nikanyamaza mpaka nikaolewa, nikazaa, nikahamia Mapinga. Akija kumwona mjukuu namwekea chai, halafu naenda kufua.

Mwezi uliopita kina mama tuliitwa kwenye mafunzo ya kuuza bidhaa mtandaoni. Mwalimu, kabinti kanatafuna ubani huku kanafundisha, akasema ukurasa ukiuhifadhi kwenye kompyuta yako unauona wewe tu, mpaka uupandishe kwenye kompyuta nyingine iliyo wazi kwa watu wote. Nikamwambia arudie. Akarudia, ananitazama kama mshamba. Kumbe wetu haukutoka mle chumbani.

Nikapanda gari moja kwa moja hadi kwa baba, nimefura, sijui nimefura kwa nani. Nikamweleza yote, hadi mbuzi. Akasema, "Mwanangu, kila bandari nilikuwa naulizia barua. Nikasema basi, wameshazoea kwamba sipo."

Sasa niambieni. Nimgombeze Sefu, aliyekuwa na miaka kumi na sita na akanifanyia kwa moyo wake? Nimlaumu yule bwana wa Ulaya, wakati pengine maelekezo yalikuwemo, kwa Kiingereza, na sisi hatukuyasoma? Au niigeuzie hasira kwangu mwenyewe? Kila nikishika upande mmoja unaponyoka.

Watoto wa leo wanarusha picha ya chai kabla hawajainywa, na isiposifiwa ndani ya dakika mbili wananuna. Binti yangu akimtumia babu yake sauti, alama mbili za buluu zinatokea, anajua imefika na imesikilizwa. Babu akichelewa kujibu, kwake hiyo ni dharau. Namsikiliza, nashindwa nicheke au nilie. Enzi zetu hapakuwa na alama yoyote. Ulimwandikia mtu, ukangoja, na asipojibu uliamua mwenyewe ni kwa nini. Mimi niliamua nikiwa na miaka kumi.