Kapitene Aliyewahi Mtini

Mimi ni mwalimu, mtoto wa msitu wa Walikale. Nilipohamia Masisi, kwenye vilima vya wafugaji, sikujua lolote kuhusu ng'ombe.

Katika mchezo wa shule, uwanjani, niliigiza kapitene ambaye meli yake imenaswa kwenye barafu ya ncha ya dunia. Nikalimwagia koti langu chumvi, ing'ae kama theluji.

"Kapitene hutoka melini wa mwisho," nikanguruma. Hapo ulimi wa ng'ombe ukanilamba shingo. Niliruka, nikapanda mti. Mabaharia wangu, wanafunzi, walibaki melini.

Mwenye ng'ombe, Mama Furaha, hakucheka. "Mwalimu, shuka. Iko anapenda chumvi tu."

Namshukuru mpaka leo, maana kila asubuhi ananiletea maziwa. Hugonga mlango, akauliza wapangaji wenzangu wote wakisikia: "Kapitene iko mu nyumba, ao iko juu ya muti?"