Ukingo Hausogei

Barua ile niliiandika mwenyewe, nikaipiga chapa, nikatia sahihi kama katibu wa korti. Korti ndilo neno letu huku Donholm kwa nyumba chache zinazotazamana na kutumia lango moja, soja mmoja wa kulilinda na ugomvi mmoja. Ugomvi wetu wakati huo ulikuwa ukingo wa saruji tuliojenga pande mbili za njia ya kuingilia langoni, ili malori ya maji yaache kupanda juu ya mfuniko wa shimo la majitaka na kuuvunja. Jirani yangu, muuguzi mstaafu ambaye korti nzima humwita Sista, alikuwa amelalamika kwamba ukingo huo umemkwaruzia rimu za gari mara mbili. Kamati ikaniagiza nimjibu. Nilijibu kwa aya tatu, na ya mwisho ilimalizika hivi: "Ukingo hausogei. Anayesogea ni dereva."

Niliipenda sentensi hiyo. Nilimsomea mke wangu alipokuwa akikatakata sukuma wiki.

"Ni kweli," alisema. "Lakini lazima uiandike?"

Niliona ukweli wake ndio sababu tosha ya kuiandika.

Ukingo wenyewe ulikuwa kazi yangu, si kwa mikono bali kwa maarifa. Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, na mengi ninayoyajua nimeyapata katika vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara mjini. Kimoja kilikuwa cha ujenzi wa barabara. Kilikuwa na mchoro wa ukingo pamoja na kimo chake, na chini ya mchoro maelezo yaliyoendelea ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulikuwa umechanwa. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo, nikahitimisha kwamba kilichokosekana hakikuwa muhimu. Fundi wa mawe aliniuliza, "Na hii kona ya juu tuilaze kidogo?" Nikamwonyesha mchoro. Hakukuwa na kona iliyolazwa. Akajenga ukingo wenye kona kali kama ya meza, na kuanzia siku hiyo majirani wakaanza kuniita Injinia.

Sista hakujibu barua. Aliomba tu suala lake liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa korti, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kura ingepigwa: ukingo ubaki ulivyo au uguswe. Nilijiandaa vizuri.

Alhamisi kabla ya mkutano nilikuwa likizoni. Nilikuwa nimekwenda sokoni Gikomba kuchukua rafu niliyochongesha kwa maseremala, nami nikawa narudi nayo imelala kwenye viti vya nyuma. Niliingia langoni taratibu, upande wangu wa kushoto, kama inavyopasa. Mara teksi nyeupe ikatokea ndani ya korti ikija moja kwa moja katikati ya njia, kana kwamba lango ni lake peke yake. Niligeuza usukani kushoto. Vioo vyetu vya pembeni vilipishana kwa upana wa kiganja. Sikusikia breki zake wala matusi yake. Nilichosikia ni sauti ndefu kutoka chini yangu, sauti ya mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria kwa kijiko cha chuma. Ilianza gurudumu la mbele, ikapumzika, ikarudiwa na gurudumu la nyuma.

Teksi ilikwenda zake. Soja akaja mbio.

"Injinia! Umeigusa?"

"Sijagusa kitu."

"Mimi nimesikia kitu ikilia krrr."

"Ni changarawe."

Aliinama akaangalia gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Rimu zote mbili zilikuwa zimeliwa ukingoni, meno meupe yakionekana ndani ya chuma.

"Sawa," alisema. "Lakini hiyo changarawe ni kali."

Nilikaa ndani ya gari nikiwaza. Dereva wa ile teksi alikuwa na makosa, na hilo lilinipa faraja kwa dakika moja hivi. Kisha nikaikumbuka barua. Sikuwa nimeandika kwamba anayesogea ni dereva isipokuwa pale anaposogezwa na mwingine. Nilikuwa nimeandika sentensi fupi, isiyo na mlango wa nyuma, na nakala zake zilikuwa katika kila nyumba. Mtu yeyote akiziona rimu zangu kabla ya Jumapili, mkutano ungekwisha kabla ya sala ya kufungua.

Mafundi wa rimu wako barabarani, mahali ambapo kila mtu wa korti yetu hupita. Kwa hiyo niliamua kuzitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilitazama video nne na kuandika hatua zote daftarini. Osha kwa sabuni. Kausha. Kwangua kwa msasa mkali, kisha laini. Ziba mashimo kwa puti. Subiri. Sugua tena, puliza rangi ya kwanza, kisha rangi ya fedha, kisha vanishi. Yote yalikuwa ndani ya uwezo wangu isipokuwa jambo moja. Katika video zote, fundi alichomeka karata kati ya tairi na rimu, moja baada ya nyingine kuzunguka gurudumu zima, ili rangi isishike tairi. Mke wangu ni mweka hazina wa kina mama kanisani. Karata hazijawahi kuingia nyumbani kwetu.

Lakini tunayo droo. Sidhani kuna nyumba huku kwetu Eastlands isiyo na droo ya namna hii, chini ya televisheni, iliyojaa kadi za michango na mialiko: arusi, mazishi, kufuzu, paa la kanisa, figo ya mtu. Hazitupwi, kwa sababu kutupa kadi ya mtu ni kama kumtupa mwenyewe. Ni ngumu, laini upande mmoja, na zina ukubwa unaofaa kabisa. Nilichukua kama hamsini. Nilipomaliza kuzichomeka, gurudumu lilifanana na ua kubwa la alizeti lililotengenezwa kwa shida za watu.

Ijumaa nilikwangua na kuziba. Jumamosi asubuhi nikapuliza rangi ya kwanza. Nilikuwa nimegundua mapema kwamba rangi mpya ingeng'aa kuliko rimu za upande wa kulia, nikajituliza kwa hoja kwamba hakuna binadamu anayeweza kuona pande mbili za gari kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimechuchumaa, kopo mkononi, niliposikia hodi. Sista alikuwa ameleta sufuria ya mke wangu na kupitia mlango wa nyuma, kama wanawake wa korti wanavyopita.

"Injinia, gari ni mgonjwa?"

"Hapana, Sista. Ni usafi tu."

"Usafi wa kuvuliwa viatu." Aliweka sufuria chini, akainama, akaliangalia gurudumu kwa utulivu wa mtu aliyeangalia vidonda maisha yake yote. Kisha akasogeza uso karibu zaidi. "Hii ni kadi ya arusi ya binti yangu."

Ilikuwa yenyewe. Jina la bwana arusi lilikuwa limefunikwa na rangi ya kijivu.

"Nilikuwa natafuta karatasi ngumu," nikasema.

"Ngumu ni ngumu. Tulichagua ile nzito kabisa." Hakuonekana amekasirika, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi. "Umeumia Alhamisi."

"Nani amekuambia?"

"Nilikuwa kwa hiyo teksi. Nyuma."

Niliweka kopo chini. Yeye akaendelea.

"Tangu ile barua yako, gari yangu imekaa tu hapo nyumbani. Nikienda kliniki naita teksi. Na kila dereva namwambia, kijana wangu, hapo langoni kuna ukingo unakula rimu, kaa mbali nao, kaa katikati kabisa. Sasa huyo wa Alhamisi ni mtiifu. Akakaa katikati."

"Kwa hivyo ni wewe uliyenisukuma."

"Mimi? Mimi sikusogea. Nilikuwa nimeketi."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila mimi kujua, alirudi ndani haraka, nami nikasikia kicheko chake hadi jikoni.

Nilimwuliza Sista kama angesema mkutanoni. Alinitazama kana kwamba nimemtusi.

"Nimefanya wodi ya wanaume miaka na miaka. Mambo ya wanaume waliojiumiza wenyewe mimi sisemi." Aligusa rimu kwa ncha ya kidole. "Lakini hapa umeacha vumbi. Kidonda hakifungwi na uchafu ndani. Sugua tena."

Nilisugua tena. Alisema kweli.

Jumapili alasiri, viti vya plastiki vilipangwa katikati ya korti. Gari langu lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, ubavu wa kushoto ukitazama mkutano. Nakiri sikuliegesha hivyo kwa bahati. Kazi ilikuwa imetoka vizuri na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka ionekane. Nilisoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Nilisoma barua, pamoja na sentensi yake ya mwisho. Kisha mwenyekiti, mzee wa kanisa anayependa mifano, akasimama.

"Ndugu zangu, tusibishane bure. Tazameni gari la katibu. Linapita hapo kila siku. Si kila siku? Na oneni magurudumu hayo. Yanameta! Mimi nasema ukingo hauna shida. Shida ni mikono. Sista, una la kuongeza?"

Watu waligeuka kutazama magurudumu yangu. Wengine waliinuka wakasogea karibu.

"Sina," alisema Sista. Alikuwa akifunga na kufungua zipu ya mkoba wake.

Nilikuwa nimeshajiambia kwamba kunyamaza si uongo. Nilikuwa hata na hoja tatu za kuthibitisha hivyo. Lakini nilimwona mwanamke anayeita teksi ya kumpeleka kliniki wakati gari lake limekaa nyumbani, akiambiwa mbele ya majirani kwamba shida ni mikono yake, na ushahidi ukiwa kazi yangu ya siku mbili kwa msasa. Mwenyekiti alikuwa ameshasema, "Wanaotaka ukingo ubaki ulivyo, wainue mikono." Mikono mingi ilianza kupanda.

"Kabla ya kura," nikasema, "magurudumu hayo yameng'aa kwa sababu nimeyapaka rangi jana. Niligusa ukingo Alhamisi, ukayakwaruza magurudumu mawili. Kona yake ni kali. Fundi alitaka kuilaza nikamkataza, na ukurasa niliotegemea haukuwepo kitabuni."

Mikono ilibaki hewani, haijui iende wapi. Kisha sauti ya soja ikatoka langoni, kubwa na yenye masikitiko ya kweli:

"Kumbe haikuwa changarawe?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini. Kura ilipopigwa, iliamuliwa kwamba ukingo ubaki kwa ajili ya ule mfuniko, ila kona yake ivunjwe na kulazwa, kazi isimamiwe na katibu, na katibu huyo huyo amwandikie Sista barua nyingine. Niliandika haya yote kwenye kumbukumbu, nikijitaja kama "katibu", jambo lililosaidia kidogo.

Barua ya pili ilinitoa jasho. Nilijaribu aya tatu, kisha mbili. Mwishowe ilikuwa mistari miwili, mmoja wa kuomba radhi na mmoja wa kuahidi kutengeneza rimu zake, na nikaipeleka mwenyewe kwa mkono.

Fundi alimaliza kulaza kona Jumatano. Jumamosi iliyofuata nilisikia injini nyuma ya nyumba yangu. Sista alikuwa ameendesha gari lake mwenyewe, akatoka langoni na kurudi, kisha akalisimamisha mahali pale pale nilipokuwa nimetengenezea langu. Rimu zake mbili zilikuwa na makovu ninayoyafahamu. Alishuka, akanikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa ukanda wa mpira.

"Leo nimekuja na kadi zangu. Za watu ziwache."

Nilifungua. Ya juu kabisa ilikuwa mwaliko wa sherehe ya kufuzu ya mwanangu, niliomwandikia kwa mkono wangu. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa na kunisubiri nianze. Nikaanza na hiyo, maandishi yakitazama nje.