Nilivyofungua Mzinga wa Mama

Sikuondoka Bunia kwa kupenda msitu. Niliondoka kwa sababu mama yangu, Masika, alikuwa amechoka kukaa kwangu, nami nilikuwa nimechoka kumsikia akisema amechoka. Alikimbia kijiji chake, upande wa Epulu, mwaka ule watu wenye silaha walipoingia, akafika kwangu, mtaa wa Saio, na kitenge kimoja na sufuria. Nyuma aliacha nyumba, shamba la mihogo na mizinga mitatu ya nyuki aliyoachiwa na baba yake. Nyumba na shamba hakuvitaja sana. Mizinga aliitaja kila alipoona ua lolote, hata la mparachichi wa jirani.

Mwaka huu ikasemekana kwamba njia imetulia na watu wanarudi. Tukapatana hivi: niende nikaangalie. Nyuki wakiwepo, mama atarudi kwake. Wasipokuwepo, atabaki Bunia na hatanitajia mizinga tena. Niseme wazi, nilikuwa naomba nikute mizinga mitupu. Mama ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na kule zahanati iko mbali. Mimi mwenyewe nililelewa Bunia na shangazi kwa ajili ya masomo, kisha nikawa mshonaji. Kijiji cha mama nilikijua kwa likizo tu, na likizo hizo hazikuangukia wakati wa asali.

Asubuhi ya kuondoka mama alinifungia mkate kwenye kitambaa. Alisema neno moja tu la maana: “Uangalie, urudi uniambie.” Nikaitikia huku nafunga kofia ya moto, ndiyo pikipiki kwetu.

Kutoka Bunia hadi Komanda njia inapita katika vilima vya majani, ng'ombe wako kila upande, na vumbi lake halichagui mtu. Innocent, dereva wa moto niliyemkodi, alikuwa amechimba dhahabu miaka kadhaa upande wa Mambasa kabla ya kununua moto yake. Alizungumza njia nzima, nami nilisikia nusu tu kwa sababu ya upepo. Nilichokisikia ni kwamba shimo la dhahabu linamfundisha mtu kungojea, na kwamba yeye hakufundishika.

Baada ya Komanda vilima vinakwisha na miti inaanza. Haianzi kidogo kidogo kama mtu angetegemea. Unapita kona, na jua limeondoka. Kwenye vizuizi vya barabarani walituuliza tunakwenda wapi, nikasema naenda kuangalia nyuki. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi mwenyewe niliyekuwa nasema.

Tulilala Mambasa, kwenye nyumba ya wageni yenye mlango usiofungika vizuri. Asubuhi tukaingia msitu wenyewe. Baada ya mwendo mrefu niliona barabara imebadilika rangi. Ilikuwa imefunikwa na maua madogo, yamemwagika kama pumba penye mashine ya mpunga. Innocent akazima moto ili anionyeshe jambo. Juu, mbali sana, mahali ambapo macho hayafiki, palikuwa na mngurumo. Nilidhani ni lori linakuja. Walikuwa ni nyuki, kazini, kwenye mti ambao watu wa huku wanauita eko. Hapo nikajua kwamba maombi yangu yameanza kwenda vibaya.

Tulifika kijijini mchana. Papa Mateso, jirani wa mama tangu zamani, alitupokea pamoja na mke wake, Mama Furaha. Walituletea maji ya kunawa, kisha sombe ya majani ya mihogo na lituma ya ndizi zilizopondwa, na hawakuniuliza habari za mama. Nililiona hilo, nikadhani ni aibu ya watu waliobaki mbele ya mtoto wa mtu aliyekimbia. Mimi pia sikumtaja. Nilisema tu kwamba nimekuja kwa ajili ya mizinga. Papa Mateso akatazama chini, akasema ni vizuri, tena nimekuja wakati wake, kwa sababu eko hauchanui kila mwaka. Kuna miaka unakataa, na mwaka huo asali ni ya hadithi tu.

Akanipeleka. Mizinga miwili imelala juu kwenye panda za miti, magogo yaliyotobolewa ndani na kufungwa kwa kamba za msituni. Wa tatu uko karibu na mto, chini, juu ya nguzo mbili, kwa sababu babu alipozeeka hakuweza tena kupanda. Yote mitatu ilikuwa na nyuki. Majani yalikuwa yamefyekwa chini yake na siafu wamezuiwa kwa majivu. Miaka yote hiyo majirani walikuwa wameitunza, lakini hakuna aliyeifungua. Asali ilikuwa imejaa hadi inachuruzika kwenye ufa wa gogo.

Sasa, ningerudi Bunia pale pale ningekuwa nimefanya nilichotumwa. Lakini nilijijua. Nikifika mikono mitupu, na moyo wangu ukitaka mama abaki, ningeweza kumwambia kwamba nyuki ni wachache, au ni wagonjwa. Nilitaka kubeba kitu ambacho kingenizuia kusema uongo. Nikamwambia Papa Mateso nataka asali ya mzinga wa mtoni.

Akaniuliza: “Utafungua weye mwenyewe? Na mukono yako?”

Nikajibu ndiyo, nikidhani anapima woga wangu.

Jioni, kabla giza halijaingia, alifunga makaa ndani ya majani mabichi, akapuliza moshi kwenye tundu la mzinga. Watu kadhaa walikuwa wamekuja, wamesimama mbali. Nikapiga kifuniko cha mti kwa kipande cha kuni hadi kikalegea, nikakivuta. Nyuki walinichoma shingoni na kwenye kope. Mbele masega yalikuwa meupe, asali ya maua ya mwaka huu. Nyuma yalikuwa meusi, mazito, ya misimu ambayo mama hakuwepo. Nilikata ya mbele, na kidogo ya nyuma. Hakuna aliyecheka niliporuka ruka kwa maumivu. Nilishangaa, maana hata mimi ningejicheka.

Tuliporudi uani nilikuta kuni zimerundikwa na moto mkubwa umewashwa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka bila kusema. Mama Furaha akanishika mikono yote miwili, macho yamejaa maji.

“Pole, mutoto yetu,” akasema. “Mama yako alikuwa mutu wa kazi.”

Nikatazama kuni, nikatazama mikeka. Yalikuwa matanga, na mimi ndiye niliyeyaleta.

“Mama hajakufa,” nikasema. “Iko Bunia, kwangu. Anakula muzuri.”

Kisha Mama Furaha akakaa chini palepale alipokuwa, akacheka huku analia, na wenzake wakamfuata. Papa Mateso hakucheka. Alinieleza taratibu.

“Hapa muzinga inafunguliwaka na mwenyewe tu,” akasema. “Mutoto anafunguaka siku muzazi anamuachia, na muzazi iko pale anaangalia. Ao siku muzazi amekufa. Weye ulikuya peke yako, ukafungua. Siye tungefikiri nini?”

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza kama mama yuko hai. Akasema mambo ya matanga hawamuulizi mtu, wanamngojea aseme mwenyewe. Nami nilikuwa nimefika, nimekula, bila kumtaja mama hata mara moja. Kisha akanieleza lililobaki. Ile miwili ya juu bado ni ya mama. Ule wa mtoni umekuwa wangu, haurudi nyuma. Hakuna mwingine atakayeufungua, na nisipokuja asali itakaa humo hadi nyuki wachoke. Nikaona aibu, na chini ya aibu nikahofia: nimemnyang'anya mama kitu alichokuwa anaishi kwa ajili yake.

Njiani kurudi, bidoni yangu, dumu la asali, ilikuwa imefungwa nyuma ya moto. Penye kizuizi kimoja walitaka ifunguliwe, nyuki mmoja aliyejificha chini ya kifuniko akatoka, na tukaruhusiwa kupita haraka kuliko popote. Innocent alicheka hadi Komanda. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mama, na vilima vya majani vilipotokea nilikuwa bado sijayapata.

Bunia tulifika jua likizama. Mama alikuwa mlangoni. Nilimwambia yote bila kupamba: nyuki wapo kwenye mizinga yote, nilifungua ule wa mtoni, na watu walimlilia. Aliposikia habari za kuni na mikeka aliuliza nani na nani walikuja, akaridhika na majina. Nikamwomba msamaha.

“Baba yangu aliniachia ule ule kwanza,” akasema. “Na mimi niliruka ruka vile.”

Nikamuuliza kama bado anataka kurudi. Akasema tulikwishapatana, na sasa nitampeleka mwenyewe, kwa sababu mtu mwenye mzinga haulizwi kama atakwenda. Nilikuwa nimekwenda kumaliza habari ya mizinga nyumbani kwangu. Sasa wa mtoni unaningoja mimi, na nikisikia ua la mparachichi linanukia, ninanyanyua macho kwenye cherehani.

Lakini jioni ile, bidoni ilipokuwa mezani, mama hakuigusa. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anangoja. Nilipokaa, akaleta sahani yake, akaishika kwa mikono miwili, kama mgeni.

“Nipatie kidogo,” akasema, “mwenye muzinga.”