Napokezana Naye

Jimu yetu ni ndogo na jioni watu hujaa, kwa hiyo kila mashine huwa na foleni. Hapo ndipo utamwona fundi bomba tunayemwita Shemeji, kwa sababu yeye huita kila mtu shemeji ingawa hajaoa dada wa yeyote. Ana viganja vipana kama sinia, lakini vyuma huvirudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akimaliza raundi hakai kwenye kiti akichezea simu, huinuka, hukifuta kwa taulo lake na kuuliza, "Haya, nani anafuata?"

Baada ya kiharusi, daktari aliniagiza niufanyishe mazoezi mguu wa kushoto. Siku ya kwanza niliketi kwenye mashine ya miguu, nikasukuma uzito mdogo kuliko wote, nikabaki nahema. "Mzee, hicho si kiti cha kinyozi," jamaa mmoja kwenye foleni akasema, na wenzake wakacheka. Nikachukua taulo langu, nimeshaamua kutorudi tena. Shemeji akanishika bega. "Huyu napokezana naye," akawaambia. "Nyie subirini." Hatukuwa tumepatana lolote. Akaketi, akasukuma vyuma vyote, akafuta kiti, kisha akarudisha pini ya kuchagulia vyuma kwenye uzito wangu bila kuutaja. Nilipoketi, akasimama kati yangu na foleni, amenipa mgongo, mguu wangu ukatetemeka bila kutazamwa na mtu. "Polepole, shemeji," akasema bila kugeuka. "Hata mimi bado nahema." Hakuwa na hata tone la jasho.