Jogoo wa Faini

Loth hakuwa mtu wa kukosa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kwa miaka arobaini ndiye aliyepuliza pembe alfajiri, na kijiji kizima, huko juu milimani kunakoitazama Makanya, kikatoka na majembe kwenda kuzoa tope la ndiva, lile bwawa linalokinga maji ya mto usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani. Asiyefika alitozwa jogoo. Akirudia, mbuzi. Waliosamehewa ni wawili tu: mgonjwa na mfiwa. Loth alimtoza hata marehemu mkewe Susana, aliyebaki nyumbani siku moja akisingizia kwamba makande yangeungua.

Mwaka jana ikaingia kamati mpya ya maji, vijana watupu, nayo ikafungua grupu la WhatsApp. Ni vijana wazuri, tusiwasingizie. Ndiva haijawahi kuwa safi kama sasa. Lakini pembe ilitundikwa ukutani, na Loth ana kitochi cha kupiga na kupokea tu.

Jumamosi moja alikuwa anakunywa uji akasikia majembe bondeni. Moyo ulimlipuka. Alitoka na jembe begani, magoti yakimlalamikia njia nzima, akafika watu wananawa miguu. Akapewa shikamoo nyingi, kisha akaletewa kiti. Kiti, yeye Loth! Alirudi nyumbani roho ikimuuma, ila alikuwa na tumaini moja dogo: amekosa, basi watakuja kumtoza.

Alimchagua jogoo mwenyewe, yule mwekundu, akamfunga mguu karibu na mlango. Jumapili hawakuja. Jumatatu hawakuja. Kila mbwa alipobweka, Loth alivaa koti akakaa tayari. Kufikia Ijumaa jogoo alikuwa ameshaizoea kamba, lakini Loth hajazoea kusubiri.

Jumamosi akapiga moyo konde, akambeba jogoo wake kwapani mpaka kwa Irine, katibu wa kamati, binti wa jirani yake Benson. Irine alimwamkia, akamkaribisha, na alipoelewa jogoo amekuja kufanya nini akacheka kwa upole. Akaeleza kwamba wazee wote waliopita miaka sabini wametolewa kwenye orodha. Wamefanya kazi vya kutosha, sasa wapumzike. Aliyasema hayo kwa mapenzi kabisa, na hapo ndipo palipomuuma mzee.

“Irine mwanangu,” Loth alisema, “anayesamehewa ni mgonjwa na mfiwa. Mimi siumwi, wala leo sina msiba. Sasa mmenitoa huko, mkaniweka wapi?”

Irine alimtazama mzee aliyefunga vifungo vyote vya koti kama anayekwenda kanisani, akamtazama na jogoo. Kisha akanyoosha mikono, akampokea yule jogoo, akafungua daftari na kuandika jina la Loth polepole. Alipoinua uso alikuwa katibu kwelikweli.

“Babu, msaragambo ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nitakupigia simu mwenyewe. Ukikosa tena, tunachukua mbuzi.”

“Nimesikia, katibu.”

Alipanda kilima mikono mitupu. Alipofika kwenye kona, mahali ambapo hapana wa kumwona, alisimama akalia, akajifuta kwa mkono wa koti. Kisha akaenda moja kwa moja kulinoa jembe lake, maana mbuzi mwenyewe hana.