Siku Niliyochagua Sura ya Kompyuta

Shule niliishia darasa la pili, ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu, kwa hiyo mnivumilie. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Soko huria lilikuwa limeshatuletea mashati ya mitumba na redio za mitumba. Shati langu moja lilikuwa na jina la Mzungu kifuani, nikalivaa kanisani miaka mingi. Basi, mwaka ule ikaja kompyuta ya mtumba na printa yake, ikaletwa Endasak kwenye kikundi chetu cha mbegu. Mimi nilikuwa mwenyekiti, kwa ajili ya mvi tu. Katibu alikuwa mkamwana wangu, aliyesoma hadi kidato cha nne kisha akaishia kupalilia maharage yangu.

Mwalimu aliyeileta kwa pikipiki alitoa sharti: kabla hajaondoka, katibu achape barua moja. Akishindwa, kompyuta iende kwa kikundi cha Hirbadaw jioni ileile. Mkamwana alikuwa akiisubiri kazi ile ya kuchapa tangu masika.

"Mfumo huu ni wa bure, mzee," mwalimu akaniambia, "na sura zake ni nyingi. Chagua moja, ndiyo nitakayoiacha."

Akaonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa na picha ya ziwa, madirisha yakifunguka kwa kuteleza, yana vivuli kabisa. Ya pili kijivu tupu, na mstari chini.

Kwetu mkamwana hampingi baba mkwe mbele za watu. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Akamgeukia jirani yetu, mtunza stoo wa kikundi.

"Mama, muulize baba kama ile ya kijivu ameitazama vizuri. Mashine yenyewe imechoka."

"Mzee, unaulizwa."

"Nimeitazama. Ni majivu yale. Wewe ulipoolewa ulivaa gunia?"

Watu wakacheka. Mkamwana hakucheka. Nikachagua ziwa.

Akaketi kuandika. Anabonyeza herufi, herufi haiji, halafu zinakuja tano pamoja. Dirisha likaanza kuteleza, likaganda katikati ya ziwa. Mwalimu akazima, akawasha upya. Ikaganda tena. Taa ya betri ya sola ikageuka nyekundu, na mwalimu akatazama jua lilivyoegemea mlima Hanang.

Mikono ya mkamwana ilikuwa imelala mapajani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu mwanzo.

Nikasema naenda kuangalia mbuzi. Sikuwa na mbuzi pale. Nilitaka nisiwepo ili aseme. Nikasimama nje, chini ya dirisha, nikamsikia akisema harakaharaka: "Mwalimu, weka ya kijivu, hii ni nzito kwake."

"Mwenyekiti ndiye aliyechagua," mwalimu akajibu. "Siwezi kuibadilisha akiwa hayupo."

Nikasikia mkamwana anakusanya karatasi zake.

Nikaingiza kichwa dirishani na kofia yangu. "Mama," nikamwambia mtunza stoo, "mwambie katibu aweke ile ya majivu. Mwambie mimi sikujua, yeye alijua."

"Amesikia, mzee. Si kiziwi."

Nilibaki palepale nje, mkono ukutani, nikisikiliza vidole vyake vikigonga. Taa ikaanza kupepesa. Kisha printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na mwalimu akatoka akiwa peke yake, mikono mitupu, kuwasha pikipiki.