Ushindi Mmoja Ambao Haukupangwa

Mkanda wenyewe ulikuwa kipande cha mkanda wa mashine ya posho. Ulikatika Makindu, kwenye mashine iliyokuwa karibu na reli, na fundi mmoja wa malori, mzee Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, akauokota. Akaukata ukatosha kiuno cha mtu mnene, akaupigilia bamba la shaba alilolifua kwa mkono wake. Juu ya bamba hakuandika kitu. Huo ndio uliokuwa ubingwa wetu, ulioanza miaka michache baada ya Uhuru. Mimi niliishia darasa la sita, lakini historia ya mkanda huo naijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu wengine wote waliouvaa wamekwisha kwenda.

Wa kwanza alikuwa mtu wa reli, mrefu, mwenye mabega kama mlango. Aliuvaa miaka miwili, kisha akahamishiwa Voi, ikabidi ashindwe kabla ya kupanda treni. Alishindwa na utingo wa lori kutoka Kibwezi. Utingo akaoa, mkewe akamkataza, akashindwa na muuza nyama wa Kitui mjini. Muuza nyama alipoanza kuumwa goti akaupoteza kwa rafiki yangu, mtu wa Kilungu. Kutoka hapo mkanda ulienda kwake, ukaja kwangu, ukarudi kwake, zaidi ya miaka kumi, kama majirani wawili wanaoazimana jembe.

Nasema ikabidi ashindwe, na sitaki kuficha. Mieleka yetu ilikuwa ya kuonyesha watu, na mshindi alijulikana siku mbili kabla. Kalasinga ndiye aliyeamua. Mara nyingi aliamua akiwa chini ya lori, nasi tunaona miguu yake tu.

"Huko soko la Nunguni nani anaanguka, mzee?"

"Wewe."

"Lakini nilianguka juzi."

"Basi umezoea. Nipe spana namba kumi na saba."

Alitufundisha kuanguka kabla ya kutufundisha kushika. Nyuma ya gereji yake alikuwa amechimba shimo pana, akalijaza udongo aliouchekecha kama unga, na huko tuliangushana asubuhi kabla jua halijawa kali. Udongo ulikuwa baridi, ukinukia mafuta. Alitupa sheria moja tu ambayo hakutaka tuivunje: anayebebwa ndiye anayeamua. Ukimwinua mwenzako mabegani, unangoja. Yeye akishavuta pumzi na kujikunja vizuri, atakubana mkono mara mbili. Hapo unamtupa. Kabla ya hapo, hata watu wapige kelele namna gani, unasimama naye.

Siku hizi, nikipitiwa na usingizi mchana, viwanja vyote vinakuwa kimoja. Naona uwanja wa mnada wa ng'ombe, magunia ya maganda ya mahindi yamepangwa chini, turubai la lori limetandikwa juu yake. Kisha ukungu wa Nunguni unashuka, watu wamejifunga mashuka, sioni nyuso zao ila mvuke wa midomo yao. Kisha bila mimi kusogea ukungu unageuka vumbi la Makindu, na treni ya mizigo inapita polepole nyuma ya watu, behewa baada ya behewa, haiishi. Naye rafiki yangu yuko juu ya mabega yangu. Hana uzito. Nangoja.

Yeye alikuwa mwema wa mchezo na mimi mbaya. Kwao Kilungu aliimba kwaya, akalima machungwa na kahawa kwenye matuta ya baba yake, na watu walimpenda. Mimi nilitoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, na hilo peke yake lilitosha. Nilimrushia mchanga machoni. Nilimkanyaga akiwa chini. Wanawake wa soko la Nunguni walinitupia magunzi ya mahindi.

"Wewe mtu wa Kitui, mama yako anajua uko huku?"

"Ndiye aliyenituma."

"Basi kamwambie tumemhurumia."

Na mwingine nyuma yake: "Msimkaribie. Hao wana dawa mpaka kwenye kucha."

Baadaye mimi na yeye tulikaa nyuma ya lori la Kalasinga, tukala machungwa ya kwao. Alinitoa vipande vya magunzi kwenye nywele, kimoja kimoja, bila haraka. "Leo ulikanyaga vizuri," aliniambia. "Mama yangu alilia."

Mama yake hakujua kwamba tunapanga. Hakuna mtu kwao aliyejua, na hilo ndilo lililomtisha. Wazee wa kanisa lake walikuwa wamemruhusu kupigana kwa sababu waliona ni kama ushuhuda, mtu mwema akimwangusha mwovu mbele ya soko zima. Wangejua tumepanga, wangesema amedanganya kanisa, na wangemtoa kwaya. Aliniomba nisiseme kamwe. Nilimwahidi, na ilikuwa ahadi rahisi, maana mimi hakuna aliyeniuliza chochote.

Siku ya mwisho ilikuwa Makindu. Mkanda ulikuwa wangu na Kalasinga alikuwa ameamua urudi Kilungu. Tulipanga nimwinue, nimtupe, yeye ainuke watu wakidhani amekwisha, aniangushe. Tulikuwa tumeifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba tungeweza kuifanya tukiwa usingizini. Lakini upande wa vilima vya Chyulu mawingu yalikuwa yamejaa, tone la kwanza likanipiga shingoni, watu wa nyuma wakaanza kukusanya vitu vyao. Nilikuwa nimechoka. Nilimwinua. Nilitaka tumalize kabla hawajaondoka.

Sikungoja. Nimejiuliza miaka yote kama labda alinibana mkono nikasahau, na jibu ni hapana. Nilimtupa akiwa bado anavuta pumzi.

Alianguka kwa kiuno, pembeni ya magunia. Mwamuzi alihesabu polepole sana, akinitazama, na hakuna nilichoweza kufanya ila kusimama pale. Alipomaliza kuhesabu, mkono wangu uliinuliwa. Katika historia yote ya mkanda ule, huo ndio ushindi pekee ambao haukupangwa na mtu. Mvua ikaanza kunyesha.

Hatukupigana tena. Kalasinga alimlaza kwenye lori, akampeleka hospitali mwenyewe, na baada ya hapo alifunga mambo ya mieleka, akarudia malori yake. Mkanda ulibaki gereji, ukatumika kufungia mlango, na alipokufa sikujua ulikokwenda.

Rafiki yangu alitembea kwa fimbo. Alipalilia kahawa yake akiwa amekaa chini, akijisogeza kwa mikono. Nilikwenda kumwona mara kwa mara, lakini tulikutana chini barabarani, kwa sababu nyumbani kwao sikukaribishwa. Mara moja tu aliniuliza.

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Watu walikuwa wanaondoka."

Alicheka kidogo. "Kaka yangu anasema ulikusudia. Nikimwambia haukuwa ugomvi wa kweli, nitaeleza na mengine yote. Acha iwe hivyo."

Ikawa hivyo zaidi ya miaka kumi. Alikubali kuitwa mtu aliyeshindwa, na mimi nikakubali kuitwa mkatili, na nikisema ukweli wote, mimi ndiye niliyepata nafuu. Mkatili anaogopwa. Mzembe hana hata hilo.

Alikufa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Hospitali walisema ni figo. Nyumbani walisema ni mgongo. Nilipata habari nikiwa Kitui, nikafika Kilungu asubuhi ya mazishi, na ukungu ulikuwa haujatoka. Watu walikuwa wakipanda njia ya matuta kwa utulivu, wanawake wamebeba masufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na sauti za kwaya zilitoka mahali nisipopaona. Nilihisi nimewahi kuiota njia ile. Kaka yake mkubwa alinisimamisha kabla sijafika uani.

"Simama hapo hapo, mtu wa Kitui. Umekuja kuona kama kazi imekamilika?"

"Nimekuja kumzika."

"Wewe ulimzika Makindu. Sisi tunamalizia tu."

Nilibaki nimesimama. Ningeweza kurudi. Binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, alisikia, akatoka na karatasi mkononi. Ilikuwa historia ya marehemu, ile inayosomwa mbele ya jeneza.

"Baba mkubwa, mwache kwanza," alisema. Akanigeukia. "Mzee, hapa tumeandika kwamba baba alikuwa bingwa mara nne, kisha akanyimwa ubingwa kwa ukatili, akabaki kilema. Nataka kusoma kitu cha kweli. Ulikusudia?"

Nikinyamaza, atasoma hivyo, na nitakuwa nimetunza ahadi. Nikisema sikukusudia na kuishia hapo, nitakuwa nimejisafisha kwa nusu ya ukweli. Nikisema yote, nitamvua baba yake zile mara nne siku ya kumzika. Nilitamani kumwuliza yeye mwenyewe. Alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, ndani ya sanduku la mbao, na hakuweza kunibana mkono.

"Tulikuwa tunapanga," nilisema. "Zote. Za kwake na za kwangu. Hatukuwa maadui hata siku moja. Aliniomba nisiwaambie, kwa sababu ya kanisa. Siku ile alikuwa ashinde yeye. Nilipomwinua nilipaswa kungoja aniambie yuko tayari, na sikungoja. Sikukusudia kumwumiza. Lakini hakuna mwingine aliyemwumiza ila mimi."

Kaka yake alitazama chini. Taya lake lilikuwa likitembea kama anatafuna.

"Alijua kwamba hukukusudia?" aliuliza.

"Alijua."

"Miaka yote hiyo nikikutukana mbele yake."

"Alijua."

"Na ninyi wawili mkaniacha nitukane." Alivuta pumzi. "Mimi sikusamehe leo. Sijui kesho. Usije mbele na familia. Simama huko chini na wageni."

Binti alikuwa ameegemeza karatasi kwenye goti lake na anaandika, anafuta, anaandika tena. Sikuona ni nini.

Nilishuka nikasimama kwenye tuta la tatu, kati ya watu wa vijiji vingine wasionijua. Kutoka hapo jeneza halikuonekana. Ukungu ulipita kati ya mibuni, ukatufunika, ukatuacha. Mchungaji aliomba. Kisha nikasikia sauti ya yule binti, nyembamba, ya mtu aliyezoea kusomea darasa lililojaa. Alizaliwa hapa. Alisoma mpaka darasa la nne. Aliimba sauti ya chini kwaya kwa miaka ishirini. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikiingoja ile sehemu.

"Alicheza mieleka," alisoma, na nikasikia alisema alicheza, si alipigana. "Alivaa mkanda wa ubingwa mara nne. Aliacha baada ya kuangushwa Makindu na mwenzake, ambaye hakungoja. Hakumsema vibaya mwenzake huyo mpaka alipokufa."

Kisha akaendelea na kahawa, na watoto, na wajukuu.

Mama mmoja mzee aliyesimama mbele yangu, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, aliinua uso.

"Mwenzake yupi huyo asiyengoja?" aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Ni mimi, mama," nilisema.

Alinitazama mpaka miguuni. Tuta lilikuwa jembamba na mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye udongo uliolegea. Akasogea kidogo, akavuta na mfuko wake, nikapata mahali pa kusimama.